Kumfinyanga Ganesha kwa udongo mbichi: mwongozo kamili, kiungo kwa kiungo na kisa chake

Parvati, mungu wa kike wa Wahindu, alitaka kuoga na hakuwa na wa kumlindia mlango. Akabandua singo ya manjano aliyokuwa amejisugua nayo mwilini, akaikanda, akafinyanga mtoto wa kiume, akamtia uhai na kumsimamisha mlangoni: asiingie mtu. Aliyekuja kuingia alikuwa mumewe, Shiva. Mtoto hakumjua, akamzuia, na Shiva akamkata kichwa. Parvati alipotoka na kuyaona yaliyotokea, alighadhibika hata dunia ikawa hatarini. Ndipo Shiva akawatuma watumishi wake, magana, waende upande wa kaskazini wakalete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayekutana naye. Wakarudi na cha tembo. Mtoto akafufuka, akafanywa mkuu wa magana hao. Gana na isha, bwana wa magana, ndilo jina Ganesha; watu wa Maharashtra, magharibi mwa India, humwita zaidi Ganapati.

Huyu basi ni mungu aliyefinyangwa kwa mkono. Sanamu yake ya sikukuu hufinyangwa vilevile, kwa udongo usiochomwa. Hukaa nyumbani siku chache kama mgeni, kisha hurudishwa majini ikayeyuka. Mengi yatakayokatazwa hapa chini yanatokana na hilo: waya ndani ya mikono, tanuru, rangi ya mafuta. Sanamu inayogoma kuyeyuka imeharibika, hata iwe nzuri namna gani.

Vipimo vyote ni vya sanamu iliyoketi, yenye urefu wa sentimita 25, saizi ya kawaida ya nyumbani. Kwa anayeanza, usizidi hapo. Ukiongeza urefu mara mbili, uzito huongezeka mara nane, na shida za kukausha huongezeka nao.

Hesabu siku kwanza

Sikukuu yake, Ganesh Chaturthi, huangukia siku ya nne tangu mwezi kuandama katika mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu, kati ya Agosti na Septemba. Kalenda hiyo hufuata mwezi na jua pamoja, kwa hiyo tarehe huhama: mwaka 2025 ilikuwa 27 Agosti, mwaka 2026 ni 14 Septemba. Hesabu siku 20 kurudi nyuma. Mbili ni za kuandaa udongo, tatu za kufinyanga, kumi za kukausha, mbili za rangi, na tatu za akiba kwa sababu udongo haujui kalenda. Huko Maharashtra sikukuu huja katika msimu wa mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu. Ndiyo sababu mafundi wa Pen, mji mdogo wa wilaya ya Raigad kusini mwa Mumbai unaoishi kwa kazi hii, huanza miezi mingi kabla.

Udongo

Mafundi wa Pen hutumia shadu, udongo laini wa rangi ya kijivu-cheupe unaoletwa kutoka Gujarat. Ukiwa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, ambako Wahindu wana mahekalu yao tangu zamani, shadu si rahisi kuipata, na si lazima. Udongo wowote wa mfinyanzi utafaa, ila lazima uchujwe: uloweke usiku kucha katika maji mengi, ukoroge uwe kama uji mwepesi, upitishe kwenye kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha uanike juu ya kitambaa mpaka ushikike. Punje moja ya changarawe ndani ya mkonga mwembamba inatosha kuupasua.

Kama umenunua unga mkavu, kilo 3 za unga huhitaji takriban lita moja ya maji. Mimina unga juu ya maji, si maji juu ya unga, ili kusiwe na mabonge makavu katikati. Acha usiku mmoja. Kisha chambua pamba, kama gramu 15, iwe nyuzi nyepesi kabisa, uitawanye na ukande dakika 20. Nyuzi hizo ndizo zitakazoshika masikio na vidole udongo unapojikunja, na majini zitaachia bila ubishi.

Jaribio la kwanza: sokota kamba ya unene wa penseli, izungushe kidoleni. Ikipasuka juu, udongo una kiu au una mchanga mwingi. Ikinata kidoleni, una maji mengi. Utandaze juu ya ubao mkavu saa moja. Jaribio la pili watu hulipuuza, kisha hulia baadaye: tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kikaushe, upime tena. Ukipata 9.4 au zaidi, endelea. Ukipata chini ya 9.2, udongo wako hujikunja kupita kiasi na sanamu itapasuka tu; ongeza kikombe kimoja cha mchanga laini sana kwa kila vikombe vinane vya udongo.

Ufunge kwenye plastiki saa 24 kabla ya kuanza, unyevu usambae sawasawa.

Kugawa

Utahitaji udongo uliokandwa kilo 3.5. Pima vipande vyote kabla, ukavifunge kila kimoja katika kitambaa kibichi:

- kiti: gramu 900
- kiwiliwili: 900
- miguu: 250 kila mmoja
- kichwa: 300, na mkonga 80
- mikono minne: 70 kila mmoja
- masikio: 30 kila moja
- taji: 100

Zinabaki kama gramu 380. Hizo ni za shoka, kitanzi, kitamu cha mkononi, nyoka, panya, na ujiuji wa kuungia. Kupima mapema si urasimu. Asiyepima hutumia udongo mwingi kwenye tumbo, kwa kuwa tumbo linapendeza kufinyanga, halafu kichwa kinakuwa kidogo na sanamu yote inaonekana kama mtu mnene aliyevaa barakoa. Kichwa cha Ganesha lazima kiwe kikubwa kuliko haki yake. Kutoka chini kwenda juu: kiti sentimita 3, kiwiliwili 10, kichwa 6.5, taji 5.5. Upana wa goti hadi goti 17, ncha ya sikio hadi ncha ya sikio 15.

Vifaa ni vichache: ubao wa sentimita 25 kwa 25, kisu cha mbao au cha mwanzi, kijiko, uma, njiti za meno, brashi laini, sifongo, rula. Tandaza plastiki nyembamba juu ya ubao ili kiti kiteleze kinapojikunja. Kikishikana na mbao, kitapasuka katikati.

Kiti na kiwiliwili

Kiti ni duara refu la sentimita 17 kwa 14. Usikipambe sasa; kitashikwashikwa sana.

Kiwiliwili kifanye umbo la yai nene, kimo 10, upana 10, kina 9, kisha kiache saa tatu hadi nne kikakamae. Kigeuze, chimba ndani kwa kijiko kutoka chini mpaka kuta zibaki na unene wa sentimita 2. Wengi wanaojua vyungu watadhani tunaogopa hewa iliyonaswa. Hofu hiyo ni ya tanuruni, na hapa hakuna tanuru. Tunachoogopa ni donge nene ambalo nje limekauka na kujikunja wakati ndani bado ni bichi: ngozi inabana, kilichomo hakibanwi, na ufa unafunguka tumboni, mahali panapotazamwa zaidi. Kumbuka pia kutoboa tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya kiti, ndani pafaidi hewa.

Namna ya kuunga ni moja kwa viungo vyote. Kwaruza pande zote mbili kwa uma mistari ya kukatana. Paka ujiuji, yaani udongo uleule ulioyeyushwa uwe kama mtindi mzito. Bana huku ukizungusha kidogo mpaka usikie kiungo kinakataa kuteleza. Zungushia kikamba chembamba cha udongo kwenye mshono, ukisuguesugue kwa kidole. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na walijua walichosema: kipande kibichi kikiungwa na kilichokwisha kukakamaa, kibichi kitajikunja peke yake na kujing'oa. Viungo vyote viwe na unyevu mmoja. Ukipumzika hata nusu saa, funika kila kitu.

Miguu

Ganesha huketi mguu mmoja umekunjwa juu ya kiti na mwingine ukining'inia au ukigusa chini mbele. Mkao huo huitwa lalitasana, mkao wa raha. Ni rahisi zaidi kwako ukikunja yote miwili, na ipo mifano mingi ya hivyo. Sokota kila mguu urefu wa sentimita 18, unene 3, uukunje gotini kwa kubonyeza ndani kwanza. Ukiukunja bila kubonyeza, nje ya goti itachanika. Tumbo lipumzike juu ya mapaja. Likielea, macho yataona kasoro hata kama mtazamaji hawezi kuitaja.

Kichwa, mkonga na pembe

Hapa ndipo sanamu huishi au hufa. Kichwa kisiwe mpira. Kitengeneze kama embe lililosimamishwa, pana juu, jembamba chini, kisha bonyeza kidole katikati ya paji la uso toka juu upate vibonge viwili, kama alivyo tembo wa Asia. Tembo wetu wa Afrika ana paji la duara moja na masikio makubwa yanayofunika mabega. Ukimfuata yule unayemwona Tsavo au Mikumi, utapata tembo mzuri ambaye si Ganesha.

Mkonga ufinyange kama karoti: sentimita 12, unene 3 ukishuka hadi 1.2. Uunge chini ya macho, uushushe hadi tumboni, na uulaze. Mkonga usiachwe hewani. Methali husema tembo hashindwi na mkonga wake. Wa udongo hushindwa, tena siku ya tatu ya kukauka. Ncha yake igeuke na kugusa kitamu kilicho mkononi, ili ipate mahali pa pili pa kuegemea.

Uelekee upande gani? Kwa sanamu ya nyumbani, kushoto. Kushoto kwake yeye, si kwako unayemtazama, na kosa hili ndilo linalotokea zaidi ya yote kwa sababu unafinyanga ukiwa mmetazamana. Andika K na L kwenye ubao, upande wake wa kushoto na wa kulia, kabla ya kugusa udongo. Mkonga wa kulia ni wa Siddhivinayak, sura ya Ganesha ambayo waumini husema ibada yake ina masharti makali zaidi. Ndivyo ulivyo katika hekalu la Siddhivinayak la Prabhadevi, Mumbai, lililojengwa mwaka 1801. Ukimpa mtu Ganesha wa mkonga wa kulia bila kumwambia, umempa kazi asiyoiomba.

Pembe ni mbili, na moja imekatika. Jina lake mojawapo ni Ekadanta, mwenye jino moja. Kwa nini ilikatika? Visa haviafikiani. Kimoja husema mwonaji Vyasa alimwomba amwandikie Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Kihindi. Ganesha akakubali kwa sharti kwamba Vyasa asisite hata mara moja. Vyasa naye akaweka lake, kwamba Ganesha asiandike neno asilolielewa. Kalamu ilipovunjika katikati ya kazi, mwandishi akavunja pembe yake na kuendelea. Kisa kingine husema alikuwa mlangoni tena, akimzuia Parashurama, shujaa mwenye shoka, asimwamshe Shiva. Parashurama akamtupia shoka. Ganesha alilitambua shoka: Shiva ndiye aliyempa Parashurama. Angeweza kulikwepa, lakini silaha ya baba haipaswi kukosa shabaha, akaipokea kwa pembe yake ya kushoto.

Hata upande hutofautiana kwa maandiko na kwa mafundi. Kwa sanamu yetu, fupisha ya kushoto, kwa sababu mkonga unapita huko na pembe ndefu ingeuzuia. Ya kulia iwe sentimita 2.5, ya kushoto 1, na ncha yake iwe bapa, kama iliyokatwa. Ukiichonga ikawa na ncha kali, itaonekana kama pembe changa inayoota. Ukitaka kumwonyesha mwandishi wa Mahabharata, kile kipande kilichokatika kiweke katika mkono wake wa kulia wa chini.

Masikio yakandamize yawe na unene wa milimita 6 katikati na 8 kwenye mshono. Yawe na umbo la ungo wa kupepetea, kwani waumini husema husikia yote na kubakiza nafaka tu. Yatie mkunjo mdogo nyuma. Sikio bapa kama karatasi hujipinda linapokauka.

Mikono minne

Usiipange yote minne katika mstari mmoja begani, utapata buibui. Ya chini itoke mbele ya bega. Ya juu itoke nyuma yake, sentimita moja juu zaidi. Kila mmoja una urefu wa sentimita 11, na hukunjwa kwenye kiwiko.

Mpangilio ulioenea Maharashtra ni huu. Wa juu kulia hushika shoka au ankusha, fimbo fupi yenye kulabu wanayotumia waongozaji wa tembo: mungu mwenye kichwa cha tembo ameshika kifaa cha kumwongozea tembo, na mzaha huo si wa bahati mbaya. Wa juu kushoto hushika kitanzi. Kulabu husukuma, kitanzi huvuta. Wa chini kulia umeinuliwa, kiganja kikitazama mbele na vidole juu, maana yake usiogope. Ukigeuza kiganja kumtazama mwenyewe, umeondoa maana yote. Wa chini kushoto hushika modak, andazi la unga wa mchele lililopikwa kwa mvuke, lenye nazi na sukari guru ndani. Umbo lake ni kama kitunguu saumu kizima: duara chini, mikunjo ikikutana juu kwenye ncha. Gramu 8 zinatosha.

Vidole usivisokote kimoja kimoja. Finyanga kiganja kama glavu isiyo na vidole, urefu sentimita 2.5, ukate mistari mitatu kwa kisu chembamba, kisha utenge gumba. Vidole vilivyotenganishwa kabisa huvunjika vikiwa vikavu.

Mikono ya juu ina kishawishi cha kuwekwa waya au kijiti kirefu. Usiweke. Udongo utajikunja, kijiti hakitajikunja, na mkono utapasuka kwa urefu wake wote. Badala yake, ulaze upande wa kiganja ugusane na ukingo wa sikio au taji. Ukitaka mikono iwe wazi zaidi, simamisha nyuma yake ubao wa udongo wa unene wa sentimita 1, kama mgongo wa kiti cha enzi, uiegemeze hapo. Shoka na kulabu ndizo pekee zinazoruhusiwa kijiti: chelewa cha urefu wa sentimita 2, kikichomekwa mpini ukiwa mbichi, nacho huondolewa siku ya kuyeyusha.

Nyoka, panya, taji

Mkanda wa tumboni ni nyoka. Ganesha alikuwa amekula modak mpaka basi, akapanda panya wake usiku kurudi nyumbani. Nyoka akakatiza njia, panya akashtuka, mpandaji akaanguka na tumbo likapasuka. Akakusanya vitamu vyake, akavirudisha, akamkamata nyoka yuleyule na kujifunga naye. Mwezi juu ukacheka. Akaulaani, na mpaka leo waumini wengi hawautazami mwezi usiku wa Chaturthi, wakihofia kusingiziwa wizi. Hata mungu Krishna, husimuliwa, aliutazama na akasingiziwa kuiba kito cha Syamantaka. Nyoka msokote wa milimita 5, azunguke tumbo mara moja juu ya kitovu, kichwa kikitokea ubavuni. Huficha vizuri mshono wowote uliokushinda, jambo ambalo mafundi wanalijua sana.

Panya ni Krauncha, aliyekuwa gandharva, mwimbaji wa mbinguni, akamkanyaga mwonaji Vamadeva mguuni na kulaaniwa awe panya. Gramu 25, kimo sentimita 3, mikono miwili ikishika modak, macho yakimtazama bwana wake. Mfinyange peke yake na umkaushe peke yake.

Taji ni koni yenye kitako cha sentimita 5. Ichimbe ndani kabla ya kuiunga, la sivyo uzito wake utaulemea ule mkonga. Shanga na mapambo: vidonge vidogo vya udongo, kila kimoja na tone la ujiuji. Usichore mistari mirefu ya kina. Kila mstari ni mwanzo wa ufa.

Kukausha

Siku mbili za kwanza funika sanamu nzima kwa plastiki iliyolegea. Masikio, vidole na ncha ya mkonga viongezee kitambaa kibichi, maana vyembamba hukimbilia kukauka na lazima visubiri vinene. Siku ya tatu fungua plastiki nusu, siku ya nne iondoe. Kuanzia hapo ni kivulini, dirisha wazi, ukiizungusha robo duara asubuhi na jioni. Jua marufuku. Feni marufuku. Pwani ongeza siku tatu.

Ikikauka hupoteza takriban moja ya tano ya uzito wake. Ipime kila asubuhi. Uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, imekauka. Bila mizani, iguse kwa shavu. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani.

Nyufa ndogo zijaze kwa unga mkavu wa udongo uleule uliochanganywa na siki kidogo. Ulowanishe ufa kwanza kwa brashi. Ufa unaorudi mara tatu mahali pamoja unatokana na kiungo kilichoachia ndani, na kujaza juu hakutausaidia. Kikate, ukwaruze, ulowanishe pande zote kwa saa kadhaa, uunge upya.

Rangi, na macho mwisho

Rangi ziwe za kuyeyuka: manjano, udongo mwekundu, udongo mweupe, masizi. Gundi yake ni utomvu wa mgunga uliolowekwa, au gundi ya kokwa za ukwaju zilizosagwa na kuchemshwa, wanayoitumia wafinyanzi wa Bengal. Vijiko 2 vya gundi kwa kikombe cha rangi. Gundi ikizidi, rangi itabanduka kama magamba. Ikipungua, itatoka kwenye vidole.

Tahadhari moja: usipake manjano juu ya chokaa au chaki. Manjano yakikutana na chokaa hugeuka mekundu, na kwa njia hiyohiyo hutengenezwa kumkum, ile poda nyekundu ya pajini. Kwa tabaka la chini tumia udongo mweupe. Paka nyembamba, brashi ikiwa karibu kavu. Maji mengi yatafufua udongo na kufungua nyufa ulizozifunga.

Macho huchorwa mwisho. Weka nukta mbili kwa penseli, rudi nyuma hatua tatu, utazame. Zikiwa juu sana uso unashangaa. Zikikaribiana mno unakuwa mkali. Ziwe usawa wa mahali mkonga unapoanzia. Mboni ziangalie chini kidogo, kwa sababu ataketi mahali pa juu na watu watakaa chini yake.

Ugeni wake na kurudi

Siku ya Chaturthi Ganesha hualikwa ndani ya sanamu kwa ibada ya prana pratishtha, ya kuitia uhai. Kabla ya hapo ni udongo tu na unaweza kuurekebisha, baada ya hapo haiguswi ovyo. Hutolewa modak 21 na majani 21 ya durva, nyasi inayotambaa yenye ncha tatu. Durva nayo ina sababu: Ganesha alimmeza Analasura, jitu la moto, na tumbo likamwaka; dawa zote zilishindwa mpaka waonaji walipomletea nyasi hizo. Mrehani mtakatifu, tulsi, kwa kawaida haumfai. Hukaa siku moja na nusu, 3, 5, 7 au 10, kila familia na desturi yake. Sherehe kubwa za hadharani, zenye sanamu ndefu kama nyumba, zilienezwa na mpigania uhuru Lokmanya Tilak huko Pune kuanzia mwaka 1893. Kabla ya hapo ilikuwa zaidi sikukuu ya majumbani.

Sanamu hizo kubwa ndizo zilizoleta plasta ya jasi, nyepesi na ya haraka. Jasi iliyokwisha kuganda huyeyuka kwa shida mno: kilo moja huhitaji zaidi ya lita 400 za maji. Ndiyo maana asubuhi baada ya sikukuu fukwe za Mumbai zimekuwa zikionekana na mikono na mikonga iliyotupwa na mawimbi, na mwaka 2020 mwongozo wa bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi ukaikataa plasta hiyo. Baba Ganapati aliyeagwa kwa heshima jana kuonekana amelala ubavu mchangani ni jambo linalowauma waumini wenyewe kuliko mtu yeyote.

Yako itaondoka kwenye ndoo ya lita 20. Toa maua, shada, vijiti vya chelewa na chochote cha chuma. Sema maneno yanayosemwa, Ganpati Bappa Morya, pudhchya varshi lavkar ya, Baba Ganapati, mwakani uje mapema. Izamishe polepole, ikiwa imeketi wima. Isiwe imelowana kabla: udongo mkavu kabisa hunyonya maji kwa haraka na kubomoka saa chache tu, lakini ulio na unyevu hukaa kama jiwe la sabuni siku nzima. Ukikuta asubuhi bado ina umbo, rangi ndiyo iliyofunga vinyweleo. Mwagia maji ya uvuguvugu, usiivunje kwa mti.

Udongo ukishatuama siku mbili, mimina maji ya juu kwenye shina la mti. Matope yaliyobaki yapitishe kwenye chandarua, yaanike, yahifadhi kwenye gunia. Mwakani yachanganye nusu kwa nusu na udongo mpya na uongeze pamba, kwa sababu ile ya mwanzo itakuwa imeoza.